Mfereji Usiokwenda Popote

Juzi asubuhi vijana wa kuchimba mtaro wa bomba walifika mbele ya nyumba yangu hapa Sokon One. Nilikuwa jikoni napepeta mchele. Nikasikia jembe likigonga jiwe, likaondoka, likagonga tena, na baada ya muda harufu ikaingia dirishani: harufu ya udongo wa chini, ule mweusi wa huku kwetu ambao haujaona jua siku nyingi. Niliweka ungo chini nikasimama. Watu wengi harufu hiyo huwakumbusha mvua. Mimi hunikumbusha Bibi yangu akiwa amekasirika.

Niwaambie kabisa mwanzoni ili tusije tukalaumiana. Siku tuliyomzika Bibi, kila aliyesimama kusema alimwita mke mvumilivu. Mchungaji alisema hivyo, wanawake wa usharika wakasema hivyo, hata balozi wa nyumba kumi ambaye hakuwahi kuingia uani kwetu bila kuitwa naye akasema. Nililia sana, na watu wakanishika mabega wakidhani ni uchungu wa msiba peke yake. Nusu ya machozi yale ilikuwa hasira. Kwa hiyo sogeeni karibu niwasimulie ilivyokuwa, halafu wenyewe mtapima kama neno hilo linamwenea.

Wazazi wangu walikuwa na genge la mboga Daraja Mbili. Walitoka nyumbani kabla jogoo hajawika, wakarudi mimi nimeshalala, na nilipofika umri wa kuanza shule wakaona heri niende kwa Bibi na Babu kule mlimani, juu ya Tengeru. Nyumba yao ilikaa katikati ya migomba na mibuni. Kulikuwa na banda la ng'ombe mmoja, mbuzi kadhaa, mparachichi mkubwa juu kidogo ya nyumba, na jiko la Bibi lililojitenga uani, lenye sakafu ya udongo aliyoisiriba mwenyewe hadi ikang'aa. Humo ndimo nilimokula loshoro, yale mahindi yaliyopikwa yakachanganywa na maziwa ya mgando, na hadi leo sijapata sehemu nyingine wanaoipika ikanikolea hivyo.

Juu ya mparachichi ulipita mfereji mkuu. Kwa asiyetoka kwetu nieleze: mfereji ni mtaro uliochimbwa na wazee wa zamani ili kuteremsha maji ya mto hadi mashambani, na kila boma lina tawi lake na zamu yake. Zamu yako ikifika unaondoa gogo la mgomba na udongo ulioziba tawi lako, maji yanaingia shambani. Ikiisha, unaziba. Ukifungua nje ya zamu umeiba, na faini yake ni mbuzi anayechinjwa na kuliwa palepale na wanaume wa mfereji huku wewe ukitazama. Kule kwetu nimeona watu wakisameheana makubwa, hata ya mipaka ya mashamba. Maji hawasamehe.

Babu alizishika sheria hizo kama alivyozishika amri kumi. Ilisemekana kwamba maisha yake yote alilipa mbuzi mmoja tu, zamani za ujana, na habari ya mbuzi yule nitaifikia. Nilipokwenda kuishi kwao alikuwa mzee mrefu, mkimya, mwenye kofia ya kahawia ambayo aliivua kwa mtu yeyote aliyemsalimia, hata sisi watoto. Ukimwambia "Shikamoo Babu" alivua kofia, akasema "Marahaba," akairudisha kichwani taratibu, nami nilipenda kumsalimia mara nyingi kwa siku ili nione kofia ikipanda na kushuka.

Ugonjwa wake ulianzia jikoni. Asubuhi moja Bibi alikuta Babu amechimba sakafu yake nzuri. Hakuwa ameifukua ovyo. Alikuwa amechora mtaro mnyoofu toka mlangoni hadi kwenye mafiga, na jembe bado liko mkononi.

"Baba Anaeli, unatafuta nini humu?" Bibi akauliza.

"Maji yamefika jikoni?" Babu akasema.

"Si hayo kwenye ndoo."

Babu alimtazama kama mtu anayejua anadanganywa ila hataki kugombana mbele ya mtoto. Akatoka. Bibi akairudishia sakafu, akaisiriba upya, na kesho yake ikachimbwa tena palepale.

Baada ya hapo hakukaa chini. Tangu kunapambazuka hadi jua linazama alikuwa akitembea, na alipopita kulibaki uharibifu. Alikata migomba yenye mikungu michanga, akayaburuta magogo hadi uani na kuyapanga kuziba kitu ambacho hakikuwepo. Alipasua godoro akatoa sponji, akaisindilia kwenye tundu la panya. Bomba la uani, ambalo Bibi alikuwa amelisubiri miaka, alilipiga kwa jembe hadi shingo ikakatika, kwa sababu kila alipouliza maji, watu walimwonyesha bomba, naye bomba hakulijua. Sweta langu la shule lilipotea nikalikuta limezibia mtaro wa zizini. Nilipomwambia mwalimu kwamba Babu amezibia maji kwa sweta langu, alinisimamisha nje kwa kosa la kusema uongo, na nilisimama pale nikiwa msema kweli pekee wa darasa zima.

Bibi alimpeleka mjini kwa daktari. Daktari alisema ni ugonjwa wa kusahau unaowapata baadhi ya wazee, hauna dawa ya kuuondoa, na mgonjwa hafanyi kusudi. Hilo la mwisho Bibi alilirudia kwa kila mtu aliyefika nyumbani, nao walitikisa kichwa kisha wakashauri yao. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, lakini washauri wa kitanda chetu walikuwa wengi kuliko kunguni. Mmoja alisema ni laana ya ukoo, achinjwe kondoo. Mwinjilisti alikuja kuomba, akaomba vizuri, kisha akaharibu kwa kusema kwamba maji yakimwagika hayazoleki, Mama amwachie Mungu. Bibi akamjibu kwamba anayesema hivyo hajawahi kumwagilia shamba. Mzee Sangito, mwenyekiti wa mfereji na jirani yetu wa juu, alileta kamba mpya ya katani. Alisema Babu afungwe mguu, kamba iwe ndefu kiasi cha kumfikisha kivulini na kumrudisha. Hakusema kwa ubaya. Bibi aliipokea kamba kwa mikono miwili, akashukuru, akaenda kuifunga kati ya nguzo mbili na kuanikia nguo.

Msidhani kwamba alikuwa malaika. Bibi alikuwa na hasira ambayo ungeweza kuchemshia chai. Ila hakumwagia Babu. Aliibeba hadi migombani. Nilimfuata siku moja nikajificha, nikamkuta amesimama mbele ya mgomba mkubwa, mikono kiunoni, anaugombeza. Aliuambia kwamba umesimama hapo kutwa nzima unatazama tu, huchoki, huulizi mtu amekula nini, na mambo mengine ambayo siwezi kuyaandika kwa kuwa wapo wajukuu wa Mchungaji watakaosoma. Alipomaliza alijifuta uso kwa kanga, akarudi kumvalisha Babu koti. Mimi nikadhani ni kilimo. Kulikuwa na mgomba nyuma ya zizi uliokuwa umegoma kuzaa, nikaenda nikautukana kwa dakika nyingi, na msinicheke, msimu ule ulizaa.

Siku ambayo Bibi alijaribu kumnyang'anya jembe, Babu alimpiga kwa mpini. Mkono wa Bibi ulivimba hadi kiwiko. Nilimwona Babu akimtazama anavyougulia, akavua kofia, akauliza kwa adabu, "Mama, nani amekuumiza?" Bibi alicheka, kisha akalia, yote kwa pumzi moja. Kanisani alisema ng'ombe amempiga teke. Ng'ombe wetu alikuwa mpole kupita kiasi, lakini kwa miezi mingi alibeba jina baya usharika mzima.

Hayo yote yalikuwa ya ndani ya boma. Balaa lilikuja Babu alipopanda hadi mfereji mkuu. Ilikuwa zamu ya Mzee Sangito, na kabichi zake zilikuwa zinafunga. Babu alivunja ukingo, maji yakaacha njia yake, yakateremka kwenye mparachichi, yakaingia uani kwetu na kuishia jikoni, ambapo kuku walikimbia na mafiga yakazimika. Tulimkuta amesimama katikati ya tope hadi kwenye vifundo, mwenye furaha ambayo sikuwahi kuiona usoni mwake.

"Maji yamefika jikoni," alisema. Safari hii hakuwa anauliza.

Tulilipa mbuzi. Wakamla. Haukupita muda akavunja tena, tukalipa wa pili. Mara ya tatu Mzee Sangito hakutaka mbuzi. Aliita kikao pale juu kwenye mfereji mkuu na kutuma ujumbe: Mzee afungiwe kwenye stoo ya kahawa, mlango uwekwe kufuli, na asipofungiwa, boma letu likatwe maji moja kwa moja. Kiangazi kilikuwa kinakuja. Mibuni ile ndiyo iliyolipa ada, sabuni, dawa, kila kitu. Hata mimi mtoto nilielewa kwamba bila mfereji tutakauka.

Mambo ya mfereji yalikuwa ya wanaume. Mwanamke hakukaa kwenye kikao chake wala hakugusa mlango wa maji. Alipewa habari baadaye, kama alivyopewa mifupa ya mbuzi. Asubuhi ya kikao Bibi alivaa blauzi yake ya Jumapili, akamvalisha Babu koti na kofia, akampa jembe lake alichukue begani, akanishika mkono. Tukapanda watatu.

Wanaume walikuwa wameshakaa. Babu akavua kofia kwa wote.

"Mama Anaeli," Mzee Sangito alisema, "hiki ni kikao cha wanaume. Ungemtuma mwanao."

"Mwanangu yuko Moshono kazini. Aliyekosa ni huyu, nimemleta. Au naye si mwanaume tena?"

Mzee Sangito alirudia masharti, kwa upole kabisa, maana hakuwa mtu katili na hilo ndilo lililokuwa gumu. Alisema kila mmoja anamheshimu Mzee, lakini maji ni uhai wa watu wengi na mtu mmoja hawezi kuyachezea. Stoo ina dirisha, alisema. Ataletewa chakula.

Bibi alisubiri hadi akamaliza. Kisha akauliza, "Mbuzi wake wa kwanza mnamkumbuka? Baba yako alikula nyama yake, Sangito."

Akawaeleza, na mimi nikasikia kwa mara ya kwanza. Alikuwa ameolewa majuzi. Wakati ule hakukuwa na bomba. Wanawake waliteremka mtoni na kupanda na debe kichwani. Mvua ilikuwa imenyesha, njia ina utelezi, akaanguka. "Mnajua siku ile nilipoteza nini," alisema, na wazee wakatazama chini. Mimi sikujua, nikadhani alipoteza debe. Babu hakuomba ruhusa kwa mtu. Alichukua jembe akachimba tawi toka mfereji mkuu, likapita kwenye mparachichi hadi mlangoni mwa jiko, mkewe achote maji akiwa amesimama nyumbani kwake. Wanaume walimcheka. Maji ya mfereji ni ya shamba, walimwambia. Ya jikoni, mkeo ana kichwa cha kuyabebea. Walimtoza mbuzi, akamlipa, na kesho yake akachimba palepale, hadi walipochoka wakamwacha. Tawi lile lilifukiwa miaka mingi baadaye, bomba lilipokuja.

"Sasa bomba amelisahau," Bibi alisema. "Mengine yote amesahau, hata jina langu siku nyingine. Kilichobaki kichwani mwake ni kwamba jikoni kwangu hakuna maji. Mtu anayenitafutia maji, nimfungie na magunia?"

Mzee Sangito alikuna kidevu. Alisema ameelewa, anasikitika, lakini kabichi hazielewi. Nadhani hata yeye aliona aibu neno lile lilivyotoka.

"Basi maji yakatwe," Bibi akasema. "Ila sitaki mtukate nyinyi."

Alimwomba Babu jembe, naye akampa. Bibi akapandisha kanga, akashuka hadi mlango wa tawi letu, akapiga bonge la udongo, akalisukuma, akapiga lingine, akaburuta gogo la mgomba kwa mkono wake ule ambao ulikuwa haujapona, akaliziba tawi letu mbele ya wanaume wote. Hakuna mwanamke aliyewahi kuugusa mlango ule. Hakuna aliyemzuia, na sidhani walijua wangemzuiaje. Babu alitazama kwa wasiwasi.

"Maji yamefika jikoni?"

"Yanakuja," Bibi alimwambia, akachukua mkono wake, tukateremka.

Kesho yake aling'oa maharage. Kilikuwa kitalu chake mwenyewe, kati ya mparachichi na jiko, na maharage yalikuwa yameanza kutoa maua. Alipomaliza kukisafisha alimsimamisha Babu chini ya mparachichi, akamwonyesha mlango wa jiko, akamkabidhi jembe. Babu hakuhitaji kuelezwa zaidi. Alichimba kama kijana, akifuata mstari ambao hakuna aliyemchorea, akisimama mara kwa mara kupima mteremko kwa jicho. Bibi naye alichukua debe, akanipa mimi ndoo ndogo, na kwa kuwa bomba lilikuwa bado limekatika, tukashika njia ya mtoni.

Hivyo ndivyo ulivyozaliwa mfereji wetu usiokwenda popote. Haukuunganishwa na mfereji mkuu wala tawi lolote. Tulipanda na maji, tukayamwaga taratibu chini ya mparachichi, yakateremka kwa ulimi mwembamba wa kahawia, yakichukua vijani na wadudu, na Babu akayafuata hatua kwa hatua akiyaondolea vikwazo, hadi yakafika kwenye kizingiti cha jiko na kunywewa na ardhi.

"Maji yamefika jikoni?"

"Yamefika, Baba Anaeli. Asante."

Aliposikia hivyo mabega yalimshuka. Aliosha mikono, akakaa kwenye benchi, akanywa chai, akalala usingizi wa mchana kama mtu aliyemaliza kazi. Alipolala Bibi alichukua koleo akaufukia mfereji wote, akausawazisha, ili kesho awe na pa kuchimba. Kesho yake tukaanza upya.

Siwadanganyi kwamba kila siku ilikuwa njema. Zipo siku alizokataa kuamini, akachimba mibuni badala ya mfereji, au akavunja vikombe vyote na kututazama kama wezi. Siku hizo migomba ilipata habari zake. Lakini kwenye mfereji mkuu hakupanda tena, na kufuli haikununuliwa. Mibuni ilipauka kiangazi kile, baadhi ilikufa. Bibi aliiangalia akapita.

Watu walicheka, bila shaka. Shuleni waliuita mfereji wa vichaa, na wapo walionifuata njiani wakiniuliza kama maji yamefika. Niliona aibu hadi nikaanza kumchukia Bibi kidogo. Siku moja nikiwa nimechoka, ndoo imenilowesha mgongo, nilimuuliza kwa nini tunamdanganya Babu kila siku.

"Beba ndoo," alisema. Hilo ndilo lililokuwa jibu lake lote.

Kisha akaja Baba Mkubwa Anaeli na pikapu. Alikuwa amejenga Moshono, na ndani ya nyumba yake alikuwa ametengeneza chumba chenye mlango wa nondo, safi, chenye umeme. Nyuma ya gari kulikuwa na godoro jipya bado limo kwenye nailoni. Alimkuta mama yake anapanda toka mtoni, debe kichwani, maji yakimtiririka shingoni, na baba yake amepiga magoti kwenye tope akingoja.

"Mama, watu wanacheka."

"Wacheke. Meno ni yao."

"Utakufa wewe kabla yake."

"Nikifa umchukue. Leo niko hai." Akamwaga maji, akasubiri yafike, akajibu alichoulizwa, ndipo akamgeukia mwanawe. "Chumba chako ni kizuri, mwanangu, sikukatai. Lakini humo hakuna udongo. Atachimba nini?"

Baba Mkubwa alikunywa chai. Alipotaka kuondoka Bibi alimzuia, akalitazama lile godoro, akasema letu limepasuliwa, na kwamba ni vibaya mtu kuja kwa mama yake na zawadi kisha akarudi nayo. Godoro likashuka. Pikapu likarudi Moshono tupu.

Babu alipoanza kuisha nguvu mfereji ulifupika. Toka mparachichini ukaja hadi katikati ya kitalu, kisha hadi hatua chache toka mlangoni. Mwishoni alikuwa anakaa kwenye kigoda na kuchora udongo kwa kijiti, na Bibi alikuwa anamimina kwa birika. Debe likawa birika, lakini swali halikubadilika wala jibu. Alifariki alasiri moja baada ya chai, amelala juu ya godoro la Moshono, mikono ina udongo kwenye kucha. Bibi hakukubali wausugue utoke wote.

Kwetu majirani ndio huchimba kaburi. Wa kwanza kufika na jembe alikuwa Mzee Sangito. Alichimba bila kupumzika, na alipomaliza alimwendea Bibi, kofia mkononi, akasema zamu yetu ya maji itarudishwa. "Baada ya mazishi," Bibi alimjibu. "Leo sina nafasi." Aliichukua zamu yake wiki iliyofuata bila kushukuru, kwa kuwa ilikuwa yake. Vijana walitaka kuufukia mfereji mdogo wa siku ile ili waombolezaji wasijikwae. Bibi akasema uachwe ulivyo, mwenye macho ataangalia anapokanyaga.

Miaka ilipita. Nilipokuwa na mimba ya mtoto wangu wa kwanza, mama yangu alinikataza kubeba maji, nikambishia, ndipo akaniambia Bibi alipoteza nini kwenye ule mteremko. Si debe. Alikuwa mtoto wake wa kwanza, aliyekuwa bado tumboni, kabla ya Baba Mkubwa, na amezikwa pale kando ya mparachichi.

Nilikuwa nimeishi miaka yote nikiamini kwamba Bibi alimchezea Babu mchezo, maji ya kumtuliza, kama unavyompa mtoto kopo na kijiko. Siku hiyo ndipo nilipoona. Babu alichimba mfereji ule ili mkewe asiteremke tena mtoni na debe kichwani. Na yeye, mwanamke mzee mwenye mkono mbovu, aliteremka kila siku njia ileile, pale alipoangukia, na debe kichwani, ili mfereji wa mumewe uwe na maji. Hakuwahi kunitajia. Alisema tu nibebe ndoo. Na alipomjibu kwamba yamefika hakumdanganya, maana yalikuwa yamefika kweli.

Kwa hiyo naomba mniondolee lile neno. Mvumilivu ni yule anayekaa akingoja jambo lipite. Bibi yangu hakungoja. Aliikataa kamba, akaikataa stoo, akaukataa mlango wa nondo, akajikatia maji yake mwenyewe kabla watu hawajamkatia, na mwanamume ambaye kila mtu alishamzika akiwa hai, yeye akaendelea kuwa mkewe mchana kweupe, mbele ya macho yao. Nitakapopata nafasi ya kusimama msibani kwa mtu kama yeye, nitasema alikuwa mbishi, na nitasema kwa sauti.

Wale vijana wa mtaro niliwapelekea maji ya kunywa. Walikuwa wamefika karibu na ukuta wangu, udongo mweusi umerundikana pande zote mbili, na kiongozi wao akajifuta jasho, akauliza bomba langu aliingizie wapi.

"Jikoni," nikamwambia.